Chanjo kwa wasioona: Sindano ni dakika moja, miadi na fomu ndiyo safari

ABIRIA anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huiacha Bunju nyuma, akapita Mapinga na kufika Kerege bila kuhisi kuwa amekwishatoka katika mkoa mmoja na kuingia mwingine. Mwenye macho huambiwa na vibao vya barabarani. Asiyeona hutegemea kinywa cha kondakta, na kondakta akijisahau katika kuhesabu chenji, abiria huyo atashtukia yuko Zinga, akiuliza namna ya kurudi alikopitishwa.

Kutotajwa kwa kituo ni jambo dogo, lakini ndilo hilo hilo linalojitokeza kwa sura nyingine katika huduma ya chanjo. Sindano yenyewe haibagui. Huingia katika bega la anayeona na la asiyeona kwa namna moja, na haichukui hata dakika. Lakini kabla ya sindano kuna tangazo, kuna kujiandikisha, kuna ujumbe wa simu, kuna njia ya kwenda kituoni, kuna foleni na kuna fomu ya kutia saini. Na baada yake kuna kadi yenye tarehe ya kurudi. Karibu vyote hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya jicho.

Makala haya yanaeleza vikwazo hivyo kimoja kimoja, kwa kuangalia zaidi mkazi wa kata kama Kerege, ambaye si wa mjini wala si wa kijijini kabisa: lami iko jirani, mtandao wa simu unapatikana, lakini kutoka nyumbani hadi barabara kuu kuna njia ya mchanga katikati ya minazi na mikorosho, na hakuna kibao cha kupapasa kwa vidole.

Wasioona ni akina nani?

Tukisema wasioona, wengi wetu huwaza kijana mwenye fimbo nyeupe na miwani nyeusi, aliyejifunza nukta nundu katika shule ya Buigiri mkoani Dodoma, Irente kule Lushoto, au Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam. Kijana huyo yupo, na kwa kawaida anajulikana. Anacho chama chake, Chama cha Wasioona Tanzania (TLB), kilichoanzishwa mwaka 1964, na chama hicho kimo katika Shirikisho la Vyama vya Watu wenye Ulemavu (SHIVYAWATA). Serikali inapotaka maoni ya wasioona, inajua pa kubisha hodi.

Lakini kuna kundi jingine, kubwa kuliko hilo, lisilo na mlango wa kubishwa hodi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2019 kuhusu uoni ilieleza kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona wa aina moja au nyingine, na walio wengi miongoni mwao wamevuka umri wa miaka 50. Sababu zinajulikana: mtoto wa jicho, presha ya macho, madhara ya kisukari, na mara nyingi kukosa tu miwani inayofaa.

Mzee wa kundi hili hajiiti asiyeona. Ukimuuliza, atakwambia macho yamechoka. Hana fimbo nyeupe, hajui nukta nundu, wala si mwanachama wa chama chochote cha watu wenye ulemavu. Hukaa barazani akimtambua mpita njia kwa sauti na kwa mwendo, na majirani humwona kuwa ni mzima. Anakwama siku anapopewa karatasi.

Ni muhimu kulielewa kundi hili, kwa sababu chanjo za watu wazima huanza nalo. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoingia nchini, waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, watu wenye umri wa miaka 50 na kuendelea, na wenye maradhi sugu kama vile kisukari. Ukiwaondoa watumishi wa afya, yaliyobaki ni makundi mawili ambayo macho yake ndiyo yaliyochoka kuliko ya watu wengine wote. Hata hivyo, mipango ya aina hiyo hufanywa kana kwamba asiyeona ni mmoja mmoja wa kutafutwa kwa tochi, si nusu ya foleni.

Miadi kwa njia ya tovuti

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo hiyo Ikulu, Dar es Salaam, Julai 28, 2021, naye akachanjwa hadharani. Siku nne kabla, Julai 24, shehena ya dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen ilikuwa imewasili kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX. Vituo 550 vilitengwa kwa kuanzia nchi nzima, na Wizara ya Afya ikafungua tovuti ambamo mwananchi angeweza kujiandikisha.

Mtindo huo una faida zake. Unapunguza msongamano, unasaidia kukadiria dozi za kupeleka kila kituo, na unabakiza kumbukumbu. Kwa mkazi wa mjini mwenye simu ya kisasa, ni kazi ya kubofya mara chache akiwa kitini.

Asiyeona pia anaweza kuitumia tovuti, jambo ambalo wasomaji wengi hawalifahamu. Zipo programu zinazosoma skrini kwa sauti. Simu nyingi za Android huja na programu ya TalkBack, na kwa kompyuta ipo NVDA, inayotolewa bure, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh. Mtumiaji hupitisha kidole juu ya kioo au hubonyeza vitufe vya kompyuta, na sauti humwambia kilichopo.

Tatizo ni kwamba programu hizo husoma kile tu kilichoandikwa na mtengenezaji wa tovuti. Kisanduku cha kujazia jina kikiwa hakikupewa lebo ndani ya mfumo, mwenye macho ataona neno "Jina" pembeni yake, lakini asiyeona atasikia "kisanduku cha maandishi" na basi. Visanduku vikiwa vinane, atasikia hivyo mara nane. Kalenda ya kuchagua siku ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya kubofya kwa kipanya pekee, haitamsemesha kabisa. Zile herufi zilizopindapinda ambazo mtu hutakiwa kuzisoma ili kuthibitisha kuwa si roboti ni ukuta mtupu. Na ukurasa unaojifunga baada ya dakika chache humwadhibu anayesikiliza, kwa kuwa kusikiliza ni kazi ndefu kuliko kutazama.

Mambo haya si ya kubuni, wala si ya nchi maskini pekee. Nchini Marekani, ukaguzi uliofanywa Januari 2021 na taasisi ya WebAIM katika kurasa 94 za taarifa na usajili wa chanjo ulikuta kasoro za aina hii katika karibu kurasa zote. Baadaye Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilifikia makubaliano na kampuni kadhaa za maduka ya dawa na maduka makubwa ili zirekebishe tovuti zao: Rite Aid Novemba 2021, Hy-Vee Desemba mwaka huo, kisha Kroger, Meijer na CVS mwaka 2022. Katika kesi ya Rite Aid ilielezwa kuwa kalenda ya miadi haikuwasomea wasioona saa zozote zilizokuwa wazi, na kwamba wanaotumia vitufe badala ya kipanya walishindwa kuchagua jibu katika fomu ya ridhaa. Kwa maneno mengine, mtu alifika hadi mlangoni na kukuta kitasa hakipo.

Kwa Mswahili kuna kero ya ziada. Simu ikiwa imepangwa kwa sauti ya Kiingereza, husoma maandishi ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na neno la kawaida kama "chagua" hutoka likiwa halitambuliki. Sauti za Kiswahili zipo sasa, katika simu na katika kompyuta, lakini ni lazima mtu azijue na azipange, na tovuti nayo iwe imetangaza ndani ya mfumo wake kuwa imeandikwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ni ya mstari mmoja kwa mtengenezaji, na husahaulika mara kwa mara.

Hata hivyo, mtu asidhani kuwa tovuti ikirekebishwa basi kazi imekwisha. Wazee wengi wa Kerege, Mapinga au Kiromo wana simu za kitochi ambazo hazisomi chochote kwa sauti. Huduma za kubonyeza nyota na reli zinawafaa wenye macho wasio na intaneti, si wao. Mlolongo wa menyu hupita kimya kwenye kioo, na muda ukiisha hujifuta. Ujumbe wa kuthibitisha miadi nao huja kwa maandishi, ukiwa na namba ya kumbukumbu, jina la kituo na tarehe, na mwenyewe ndiye mtu pekee nyumbani asiyeweza kuusoma.

Matokeo yake ni yale yale ambayo asiyeona ameyazoea kwa wakala wa kutuma fedha: humpa simu mtu mwingine. Humpa mjukuu, jirani, au kijana wa bodaboda. Pamoja na simu, humpa namba yake ya kitambulisho, umri wake, na jibu la swali kama ana kisukari, shinikizo la damu au maradhi mengine. Mtu mwenye macho huyajibu maswali hayo peke yake. Asiyeona huyajibu mbele ya shahidi asiyemchagua, na wengine, kwa kuona haya, hujibu uongo au huacha.

Kwa maoni ya mwandishi, kwa maeneo ya aina ya Kerege dawa ya kwanza ni simu ya kupigwa na kupokelewa na mtu. Wizara ya Afya inayo namba 199, isiyotozwa malipo, ambayo wananchi wengi waliifahamu wakati wa UVIKO-19. Mhudumu wa simu anaweza kumsomea mpigaji maswali, kumjazia majibu na kumtajia siku yake mara mbili. Namba za tarakimu tatu hukaririka, na mtu huzibonyeza kwa kupapasa kile kitone kilicho juu ya kitufe cha 5 katika simu za kitochi. Dawa ya pili ni kutomfukuza aliyekuja bila miadi. Utaratibu wa tovuti ukiwa ndio mlango pekee, hata ukiwa mzuri, utawaacha nje wale wale waliokusudiwa kutangulizwa.

Nauli ya watu wawili

Asiyeona anapokwenda kituoni, mara nyingi huenda na msindikizaji. Bodaboda ni moja lakini nauli ya daladala ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Msindikizaji akiwa mtu mzima, amepoteza siku ya kazi. Akiwa mtoto, amepoteza siku ya shule, na mara nyingi ni mtoto. Chanjo ya dozi mbili huyafanya yote hayo yarudiwe. Kwa sababu hii chanjo ya Janssen, iliyokuwa ya dozi moja, ilikuwa nafuu kwao kwa namna ambayo haikutajwa sana katika matangazo. Zile za Sinopharm zilizofuata baadaye mwaka 2021 zilihitaji safari mbili.

Watoa huduma wa afya wanayo njia ya zamani ya kulipunguza tatizo hilo, nayo ni huduma ya mkoba, ambapo chanjo hupelekwa kwa baridi hadi kitongojini kwa siku maalumu. Njia nyingine ni ile ya nyumba kwa nyumba. Mwaka 2022, baada ya kirusi cha polio kugunduliwa nchini Malawi Februari mwaka huo, Tanzania iliendesha kampeni za matone kwa watoto wa chini ya miaka mitano, na wachanjaji walipita mlango kwa mlango. Kwa mzazi asiyeona, kampeni hiyo ilikuwa rafiki kuliko nyingine: mchanjaji mwenyewe ndiye aliyesema hodi. Hata hivyo, katika kampeni kama hizo nyumba iliyofikiwa huwekewa alama kwa chaki, na asiyeona hawezi kujua kama mlango wake umeandikwa au umerukwa, mpaka aulize.

Ridhaa ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Chanjo ya UVIKO-19 nchini ilikuwa ya hiari, na aliyetaka kuchanjwa alipewa fomu ya ridhaa. Fomu ni karatasi. Asiyeona akiwa na msindikizaji, mhudumu mwenye haraka humgeukia msindikizaji: "Ana maradhi gani? Amekubali? Weka saini hapa." Mzee aliyekaa kitini huwa amekuwa mzigo uliofikishwa, hana neno.

Sheria haiko upande wa mhudumu huyo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 25 ya mkataba huo inataka huduma za afya zitolewe kwa mtu mwenye ulemavu kwa ubora ule ule wanaopewa wengine, na kwa ridhaa yake mwenyewe iliyo huru, baada ya kuelezwa. Ibara ya 9 inataka taarifa na mawasiliano, pamoja na yale ya mitandao, yafikike. Kutoona hakumwondolei mtu mzima uwezo wa kuamua. Mume hamwamulii mkewe asiyeona, na mtoto hamwamulii baba yake kwa sababu tu ndiye anayejua kusoma.

Vipi basi mtu asiyeweza kusoma fomu aiweke saini? Jibu la swali hili halihitaji kutafutwa Ulaya. Limo Bagamoyo humo humo. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo cha utafiti wilayani humo, na kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, lililohusisha watoto 15,459. Baadaye kilishiriki katika jaribio la chanjo ya R21, ambayo WHO iliipendekeza Oktoba 2023. Majaribio ya namna hiyo hufuata kanuni za kimataifa za utafiti wa tiba, na kanuni hizo zimekwishamfikiria mtu asiyeweza kusoma, kwa sababu yoyote ile. Maelezo yote husomwa kwa sauti, katika lugha anayoielewa. Shahidi asiye na upande, yaani asiye mtumishi wa utafiti, hukaa tangu mwanzo hadi mwisho wa mazungumzo. Mhusika huuliza maswali yake, na akikubali hutia saini au dole gumba, kisha shahidi naye hutia saini kuthibitisha kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Utaratibu huo uliowekwa kwa ajili ya utafiti unaweza kuazimwa na kituo chochote cha chanjo, tena kwa kupunguzwa uzito, maana fomu ya chanjo ya kawaida ni fupi. Dakika tano zinatosha. Asiyeona anayejua kuandika jina lake awekewe kidole mahali pa kuanzia, au ukingo wa kadi ngumu chini ya mstari, aandike mwenyewe. Kumpeleka moja kwa moja kwenye wino wa dole gumba, bila kumuuliza kama anajua kuandika, ni dharau ambayo wahudumu wengi huifanya bila kukusudia. Mwalimu mstaafu aliyepoteza uoni akiwa na miaka 60 hajasahau kuandika.

Msindikizaji naye ana nafasi yake, lakini ni nafasi ya kusindikiza. Maswali ya afya yaulizwe kwa sauti ya chini, na aulizwe mwenyewe kama anapenda msindikizaji awepo au asubiri nje.

Kitini

Mengi ya kumsaidia asiyeona ndani ya kituo hayana gharama. Mhudumu aanze kwa kusema yeye ni nani na kazi yake ni nini, kwa sababu koti jeupe halisikiki. Asimvute mkono wala asishike fimbo yake. Amtolee mkono wake, na mgeni atashika juu kidogo ya kiwiko na kufuata nusu hatua nyuma. Kufika kwenye kiti, mkono wa mgeni uwekwe juu ya mgongo wa kiti, ataketi mwenyewe. Maneno kama "pale" na "huku" hayamwelezi kitu. "Kushoto kwako, hatua mbili" yanamweleza.

Wakati wa UVIKO-19 wasioona walipata shida ambayo wengine hawakuipata. Watu waliambiwa wakae mbali na wasigusane, wakati wao huishi kwa kugusa, na barakoa zilizifanya sauti kuwa nzito na kuficha anayesema ni nani. Foleni zilipangwa kwa alama za rangi sakafuni. Mtu asiyeziona alionekana mkorofi anayewasogelea wenzake.

Kabla ya kuchoma, mhudumu ataje jina la chanjo, dozi ni ya ngapi, na mkono upi. Mwenye macho huiona sindano ikija na hujikaza. Asiyeona huipokea ghafla asipoambiwa, na kushtuka huko kunaweza kuleta ajali ya sindano kwa wote wawili. Baada ya hapo huelezwa kungoja kwa dakika 15, au 30 kwa mwenye historia ya mzio mkali. Aelezwe pia anangojea wapi, choo kiko upande gani, na nani atamjia. Wapo walioachwa wakingoja mpaka kituo kikanyamaza, kwa kuwa aliyeaga aliaga kwa kutikisa kichwa.

Kadi ya kliniki

Sehemu iliyosahauliwa kuliko zote ni kadi, na hapa hatuzungumzi tena juu ya janga lililopita. WHO ilitangaza Mei 5, 2023 kuwa UVIKO-19 si dharura ya dunia tena, na purukushani ya miadi ya tovuti imetulia. Lakini kila wiki, katika kila zahanati, kina mama wanapeleka watoto kliniki, na miongoni mwao wapo wasioona.

Ratiba ya mtoto nchini huanza anapozaliwa kwa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Huendelea akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela. Tarehe ya kurudi huandikwa kwa kalamu ndani ya kadi. Mama asiyeona anayeishi na mtu asomaye hupata nafuu. Anayeishi peke yake, au na mume asiyeona pia, hukariri. Akipoteza hesabu, mtoto hukosa dozi, na kadi yenyewe haimwonyi.

Kuikosa chanjo ya surua na rubela si jambo jepesi kwa mama huyu hasa. Surua, ikimkuta mtoto mwenye upungufu wa vitamini A, ni sababu ya kale ya upofu wa utotoni katika Afrika. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya ujauzito inaweza kumfanya mtoto azaliwe na mtoto wa jicho, uziwi au ugonjwa wa moyo. Tanzania iliingiza chanjo ya pamoja ya magonjwa hayo mawili mwaka 2014. Mzazi ambaye anajua thamani ya jicho kuliko mtu yeyote ndiye anayewekewa tarehe kwa maandishi asiyoweza kuyasoma.

Kuchapa kadi za nukta nundu ni jambo jema, lakini kama tulivyoeleza, wengi wenye uoni hafifu hawazijui nukta hizo. Wenye mabaki ya uoni husaidiwa na maandishi makubwa, ya wino mweusi mzito juu ya karatasi isiyong'aa. Zaidi ya yote husaidiwa na sauti. Usajili wa chanjo kwa kompyuta, ulioanzia Arusha na mikoa ya jirani, unaweka kumbukumbu za mtoto pamoja na namba ya simu ya mzazi. Mahali penye kumbukumbu hizo, kumpigia simu mama asiyeona siku moja kabla ya tarehe ni jambo la alama moja tu pembeni ya jina lake, ili anayetuma ujumbe ajue kuwa huyu hapaswi kutumiwa maandishi bali kupigiwa.

Nani awatafute?

Sheria ya mwaka 2010 na kanuni zake zimeweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji na mtaa. Kamati ya kijiji ikiwa hai, orodha ya wasioona wa eneo hilo si siri wala si kazi ya utafiti, watu wanajuana. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao mpya wa kitaifa ulizinduliwa Januari 2024, hupita majumbani na wanaweza kumtambua hata yule mzee wa barazani asiyejiita asiyeona. Kipimo hakihitaji mashine. Ni kumpa kadi na kumwomba asome tarehe. Akiisogeza mbali, akaikaribisha, kisha akasema miwani ameisahau, jina lake liandikwe.

Misikiti, makanisa na redio hubakia kuwa njia bora za tangazo kwa asiyeona, mradi tangazo liwe kamili. Matangazo mengi ya redio huishia kwa kusema "kwa maelezo zaidi tembelea tovuti yetu" au hutaja namba ya simu mara moja kwa kasi. Siku, saa, jina la kituo na namba ya simu vitajwe mara mbili, polepole.

Kwa familia zenye mtu asiyeona, yapo machache ya kufanya kabla ya siku ya chanjo. Kupiga simu kituoni au 199 kuuliza kama chanjo ipo huokoa nauli ya bure. Kuondoka mapema kuna faida, kwa maana asubuhi mhudumu bado ana nafasi ya kusoma fomu kwa sauti, na vaa nguo yenye mkono unaopandishwa kwa urahisi. Kituoni, mwenyewe aombe asomewe kila kilichoandikwa kwenye kadi kabla hajanyanyuka kitini: jina la chanjo, tarehe ya leo, tarehe ya kurudi. Simu nyingi, hata za kitochi, zina sehemu ya kurekodi sauti; mhudumu akiombwa aitaje tarehe hiyo mbele ya simu, itasikilizwa tena nyumbani. Na mama mwenye watoto wawili kliniki anaweza kukunja pembe moja ya kadi ya mkubwa na pembe mbili za kadi ya mdogo, ili asimpeleke mmoja kwa kadi ya mwenzake.